Kazi Inayofunikwa: Chanzo cha Kushuka kwa Ubora wa Ujenzi katika Mji wa Ifakara na Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala hii inafafanua sababu za kushuka kwa ubora wa kazi za ujenzi katika mji wa Ifakara na Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Hoja kuu ni kwamba ubora haupotei kwa sababu mafundi wamekosa ujuzi, wala kwa sababu watu wa leo ni waovu kuliko wa jana. Ubora hupotea katika zile sehemu za kazi zinazofunikwa muda mfupi baada ya kufanywa, yaani msingi, nondo, tabaka za barabara na kitako cha kalavati. Hupotea huko kwa kuwa utaratibu wa zabuni, malipo na ukaguzi huziacha sehemu hizo bila jicho la kuzitazama. Makala inaeleza mazingira ya bonde, historia fupi ya ufundi, namna kasoro zinavyotokea, sababu zake na athari zake kwa afya ya jamii. Mwisho inapendekeza ukaguzi ufanyike kabla ya kufunika, na kipindi cha matazamio cha kila mradi kipite msimu mmoja kamili wa masika.

1.0 Utangulizi

Nyumba mpya husifiwa kwa rangi, bati na vigae vyake. Ni nadra mgeni kuuliza msingi umechimbwa kina gani, nondo za lenta zina unene gani, au zege la jamvi lilimwagiliwa maji kwa siku ngapi. Hata mwenye nyumba mwenyewe aghalabu hawezi kujibu maswali hayo, kwa kuwa siku kazi hizo zilipofanywa alikuwa mbali, na aliporudi zilikuwa zimekwisha kufunikwa.

Katika miji mikubwa, kasoro za ujenzi hujulikana kwa kishindo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Matukio ya namna hiyo huundiwa kamati, na taifa zima huomboleza. Katika Bonde la Kilombero, ambako majengo mengi ni ya chini, kasoro hizohizo hazipigi kishindo. Hujitokeza kama ufa katika ukuta wa darasa, kalavati lililobebwa na maji, barabara ya changarawe iliyogeuka tope, au nyumba ya tofali iliyomomonyoka baada ya siku tatu za kuzungukwa na mafuriko. Kwa kuwa hasara hiyo huja kidogokidogo, huzoeleka, na jambo likishazoeleka halichunguzwi tena.

Makala hii inakusudia kulichunguza jambo hilo. Haimlengi fundi wala kampuni yoyote mahususi. Inajiuliza ni nini katika mpangilio wa kazi kinachomfanya fundi anayejua kujenga vizuri aamue kujenga vibaya.

2.0 Bonde na Madai Yake kwa Mjenzi

Bonde la Kilombero limekaa kati ya safu ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Sakafu yake iko karibu mita 270 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 1,800, na mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Mito ya Lumemo, Ruipa, Mngeta na Kihansi hushuka kwa kasi kutoka Udzungwa na kumwaga maji na mchanga katika uwanda huo, kabla ya Mto Kilombero kuungana na Luwegu na kufanya Rufiji. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde hili iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sifa hizo zinazolifanya bonde kuwa ghala la mpunga ndizo zinazolifanya kuwa mahali pagumu pa kujengea. Udongo wake mwingi ni wa mafuriko, wenye tabaka za mfinyanzi na mchanga mwembamba. Udongo mweusi wa mbugani huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka, hivyo huinua na kushusha msingi uliochimbwa kwa kina kidogo. Maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso wakati wa masika, na unyevu hupanda ukutani endapo hakuna kizuizi kati ya msingi na tofali. Kwa mjenzi, maana yake ni moja: makosa ya chini ya ardhi, ambayo katika ardhi kavu ya juu yangeweza kusamehewa kwa miaka mingi, bondeni hudaiwa mapema.

Mvua za masika ya mwaka 2024 zilileta mafuriko katika maeneo kadhaa, Ifakara na Mlimba zikiwamo. Mafuriko hayo yaliikuta ardhi yenye nyumba za kila aina. Maji hufuata mkondo, wala hayachagui nyumba ya tajiri au ya maskini. Hata hivyo, kinachobaki baada ya maji kuondoka hutegemea sana kilichofanyika siku msingi ulipochimbwa.

3.0 Historia Fupi ya Ufundi Bondeni

Kabla ya saruji kuenea, wenyeji wa bonde, wakiwamo Wandamba, Wapogoro na Wambunga, walijenga kwa miti, fito, udongo na nyasi. Mashambani walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambavyo vilimwezesha mkulima kulinda mpunga akiwa juu ya maji na mbali na wanyama. Nyumba hizo hazikudumu miaka mingi, lakini zilikuwa na sifa moja muhimu kwa mjadala huu: aliyejenga ndiye aliyelala ndani, au ni jirani wa aliyelala ndani. Kila mti ulisimikwa mbele ya macho ya wahusika, na aliyesimika vibaya alijulikana kwa jina.

Uashi wa mawe na tofali za kuchoma uliletwa kwa sehemu kubwa na wamisionari. Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika katika eneo la Mahenge na Ifakara mwanzoni mwa miaka ya 1920, walijenga makanisa, shule na zahanati, na baadaye hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoufanya mji wa Ifakara ujulikane. Katika kazi hizo vijana wa bonde walijifunza uashi na useremala wakiwa chini ya msimamizi aliyekuwapo kila siku.

Hatua ya pili ilikuwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Reli hiyo hulivuka bonde kwa urefu, ikipitia Ifakara na Mlimba kabla ya kuanza kupanda kuelekea Makambako. Makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia waliifanyia kazi, na wengi wao walijifunza kazi kwa kuifanya, bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Madaraja na makalavati ya reli hiyo yamepita katika masika ya nusu karne.

Ni vyema kuwa na tahadhari hapa. Majengo ya zamani tunayoyaona leo ni yale yaliyosalia. Mabovu ya zama hizo yalikwisha kuanguka na kusahauliwa. Kwa hiyo si haki kulinganisha kanisa bora la mwaka 1930 na nyumba mbovu ya leo, kisha kuhitimisha kwamba wazee walikuwa mafundi na vijana ni wababaishaji. Kinachoweza kulinganishwa kwa haki ni utaratibu. Katika misheni na katika reli, aliyelipa, aliyesimamia na aliyefanya kazi walikuwa mahali pamoja wakati kazi ikifunikwa. Utaratibu huo ndio uliopungua.

Ushahidi kwamba ujuzi haujatoweka upo papo hapo bondeni. Kwa miaka mingi watu waliovuka kutoka Ifakara kwenda Ulanga na Malinyi walitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko kilizama mtoni. Leo wanapita juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa Mei 2018. Katika kazi za ukubwa huo, sampuli za zege huchukuliwa kila linapomwagwa, huvunjwa maabara kupima nguvu, na mhandisi mshauri hutia sahihi kabla ya hatua inayofuata. Vibarua wanaofanya kazi katika miradi kama hiyo ndio haohao wanaojenga nyumba za mitaani mradi unapokwisha. Mkono ni uleule, na kinachobadilika ni jicho linaloutazama.

4.0 Ubora Hupotelea Wapi?

4.1 Msingi

Msingi ni kazi ya kwanza kufunikwa, na ni ya mwisho kuonekana. Makosa ya kawaida ni matatu: kuuchimba kwa kina kidogo bila kufika udongo mgumu, kujaza kifusi bila kukishindilia tabaka kwa tabaka, na kuacha karatasi ya nailoni inayozuia unyevu kupanda. Kosa la kwanza huzaa ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona za madirisha. La pili huifanya sakafu kuzama na kutoa mlio wa uwazi inapogongwa. La tatu huonekana kama plasta inayobanduka na alama nyeupe za chumvi katika nusu mita ya chini ya ukuta, hata baada ya kupakwa rangi mara tatu.

4.2 Zege na nondo

Zege hupata nguvu kwa saruji kuungana na maji taratibu. Baada ya siku 7 huwa limepata takribani theluthi mbili ya nguvu linayotarajiwa kuwa nayo siku ya 28, endapo tu limehifadhiwa likiwa na unyevu. Fundi mwenye haraka huongeza maji ili zege liwe jepesi kumwaga. Maji hayo ya ziada hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na zege hudhoofika. Kisha halimwagiliwi kwa siku zinazohitajika, kwa sababu kumwagilia si kazi inayolipwa, na katika miezi ya kiangazi maji ya kuchota ni gharama.

Kwa nondo, hesabu ni rahisi na matokeo yake ni makubwa. Nondo ya milimita 12 ikibadilishwa na ya milimita 10, tofauti inayoonekana kwa macho ni milimita 2 tu. Lakini nguvu ya nondo hutegemea eneo la mkato wake, na eneo hilo hupungua kwa karibu asilimia 31. Ni sawa na kuondoa takribani nondo moja katika kila tatu. Vivyo hivyo kwa ringi zinazofunga nguzo: zikiwekwa kwa umbali maradufu ya ule uliochorwa, nguzo inaweza kusimama miaka mingi, kisha ikashindwa siku inapohitajika zaidi.

4.3 Tofali

Tofali za kuchoma za bondeni hutokana na mfinyanzi mzuri, na zikiiva sawasawa ni imara. Tatizo ni tanuri lililochochewa kwa muda mfupi ili kubana kuni, ambamo tofali za katikati huiva na za pembeni hubaki mbichi. Zote huuzwa pamoja, na zote zikipigwa plasta hufanana. Tofali mbichi ikikaa ndani ya maji ya mafuriko hurudi kuwa udongo.

Kwa tofali za saruji, kipimo ni idadi inayotoka katika mfuko mmoja. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 25, kila tofali ina kilo 2 za saruji. Ukitoa tofali 50, kila moja ina kilo 1. Mnunuzi anayefurahia bei ndogo ya tofali ya pili kwa kweli amenunua mchanga uliopangwa umbo la tofali.

4.4 Barabara na makalavati

Barabara ya changarawe hujengwa kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa likiwa na unyevu wa kiasi maalumu. Udongo mkavu mno haushikamani, na uliolowa mno husukumana chini ya roli bila kukaza. Tabaka mbili za sentimita 15 zilizoshindiliwa moja moja hazilingani hata kidogo na tabaka moja la sentimita 30 lililoshindiliwa kwa juu tu, ingawa siku ya makabidhiano zinafanana kabisa. Kwa upande wa makalavati, kosa kubwa ni kulaza mabomba juu ya udongo laini bila kitako cha zege, na kutojenga kingo za kuelekeza maji. Masika ya kwanza maji hupita pembeni na chini ya bomba badala ya kupita ndani yake, na kijiji hubaki kisiwa huku bomba likiwa zima.

5.0 Kwa Nini Fundi Hulipua Kazi?

Kiswahili kina msamiati mpana wa kazi mbovu. Fundi "hulipua" kazi anapoifanya harakaharaka bila uangalifu. "Kuchakachua", neno lililovuma karibu na mwaka 2010 kwa kuhusishwa na uchanganyaji wa mafuta ya taa katika dizeli, leo hutumika pia kwa zege lenye saruji pungufu. Mitaani fundi asiyeaminika huitwa "fundi Maiko" au "kanjanja". Wakati huohuo, neno "fundi" lenyewe lina shina moja na "funda" na "fundisha": fundi ni mtu aliyefundwa. Wingi wa majina ya dharau kwa mtu aliyefundwa unaonyesha uhusiano uliovunjika kati ya mwenye kazi na mfanyakazi. Sababu za kuvunjika huko ni nne.

Kwanza ni namna ya kulipa. Katika nyumba za watu binafsi, fundi hupatana bei ya hatua: msingi, kufika lenta, kupaua. Anapomaliza hatua hulipwa. Kwa mpangilio huo kila siku ya uangalifu ni hasara kwake. Fundi anayesubiri zege likomae wiki nzima analipwa sawa na yule asiyesubiri, ila mwenzake amekwisha kuanza nyumba nyingine.

Pili ni kalenda. Fedha za wakulima wengi hupatikana baada ya mavuno ya mpunga, na kila mtu hutaka kupaua kabla ya mvua kurudi. Mafundi wazuri huitwa katika viwanja vitatu kwa wakati mmoja, na kazi huachiwa saidia fundi. Katika miradi ya umma kalenda hugongana kwa namna nyingine. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni. Fedha zinapochelewa kufika, shinikizo la kuzitumia kabla ya tarehe hiyo huangukia miezi ya Machi hadi Juni, yaani katikati na mwishoni mwa masika, wakati ambapo udongo wa bonde haushindiliki. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, nchi nzima ilijenga madarasa 15,000 katika muda wa miezi michache ili wanafunzi waingie Januari 2022. Makala hii haidai kwamba madarasa hayo ni mabovu. Mengi yaliondoa msongamano uliokuwa aibu. Mfano huo unaonyesha tu kwamba tarehe ya mwisho inaweza kuamriwa, lakini siku 28 za zege haziamriki.

Tatu ni bei. Zabuni nyingi hushindwa au kushindikana kwa tofauti ya bei. Mkandarasi anayehitaji kazi ili alipe mkopo wa mtambo wake hushawishika kuandika bei iliyo chini ya gharama halisi. Baadaye huigawa kazi kwa mkandarasi mdogo, naye huigawa kwa kikundi cha mafundi, na kila ngazi huchukua chake. Malipo yakichelewa, riba ya benki hula sehemu nyingine, na pale penye "asilimia kumi" ya kumridhisha mtu, fungu hupungua zaidi. Pengo hilo haliwezi kufidiwa kwa kupunguza rangi au milango, kwa kuwa vitaonekana. Hufidiwa chini ya ardhi.

Nne ni wakati wa ukaguzi. Sheria hazikosekani. Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikapata sheria yake mwaka huohuo. Lipo Shirika la Viwango Tanzania kwa vifaa, na ipo TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, kwa barabara za vijijini na mijini. Lakini wahandisi wa halmashauri ni wachache na vijiji viko mbali; kutoka Ifakara hadi vijiji vya Mlimba ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi wakati wa mvua. Kwa hiyo ziara hufanyika pale panapokuwa na kitu cha kuona, na kitu cha kuona huwapo baada ya kazi kufunikwa. Mkaguzi hupima urefu wa ukuta, huhesabu madirisha, hujaribu vitasa. Kilichobeba vyote hivyo hakimo tena katika uwezo wake. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule au zahanati hununua vifaa na kuajiri mafundi wa karibu, jukumu hilo huangukia kamati ya wananchi, ambao nia yao ni njema lakini wengi hawajafundishwa watazame nini, na lini.

6.0 Gharama Isiyoandikwa

Hasara ya kazi mbovu kwa kawaida huhesabiwa kwa fedha. Katika bonde hili ipo gharama nyingine. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950, imechunguza malaria na mbu kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa na tafiti za malaria Afrika ni kwamba mbu wanaoambukiza ugonjwa huu hupenda kuingia ndani usiku kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa, na kwamba nyumba iliyozibwa vizuri huwapunguza wanaoingia.

Watu wengi wa bonde wamehama kutoka nyumba za udongo na nyasi kwenda nyumba za tofali na bati, na hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini faida ya kiafya hutegemea umaliziaji. Fundi akiacha nafasi juu ya lenta, mlango usipokaa sawa na fremu yake, au wavu wa dirisha ukipigiliwa misumari michache na kulegea, mwenye nyumba amelipia nyumba ya kisasa na kubaki na mbu walewale. Mwanya wa upana wa kidole ni kasoro ndogo kwa mkaguzi wa majengo. Kwa mtoto wa miaka miwili anayelala chini yake si ndogo.

7.0 Mapendekezo

Ikiwa ubora hupotea wakati wa kufunika, basi tiba ianzie hapo. Makala hii inapendekeza mambo matano.

(i) Kuwe na vituo vya lazima kabla ya kufunika. Katika kila jengo la umma vitajwe ndani ya mkataba vituo vinne: kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya kumwaga jamvi, kabla ya kumwaga lenta na nguzo, na kabla ya kupaua. Fundi asiendelee hadi mtu aliyetajwa kwa jina aone na kutia sahihi. Mhandisi asipoweza kufika, picha za simu zinazoonyesha nondo, kipimo na tarehe zitumwe kwake na zihifadhiwe katika jalada la mradi.

(ii) Kipindi cha matazamio kipite masika. Kazi ndogo huweza kuwa na kipindi cha miezi sita. Kazi ikikabidhiwa Juni, kipindi hicho huisha Desemba, kabla ya mvua kubwa kuijaribu. Fedha za zuio hurudishwa, na Aprili kalavati huondoka. Katika Bonde la Kilombero kipindi hicho kisiishe kabla ya mwisho wa Mei inayofuata, bila kujali kazi ilikabidhiwa mwezi gani.

(iii) Mwenye nyumba apime mwenyewe. Vipimo vifuatavyo havihitaji maabara. Mchanga utiwe katika chupa angavu pamoja na maji na chumvi kidogo, utikiswe na kuachwa kwa saa chache. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi takribani sehemu moja ya kumi na mbili, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Tofali la kuchoma lipimwe uzito, lilowekwe kwa saa 24 na kupimwa tena; likiongezeka zaidi ya moja ya tano, halijaiva. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 888 kwa kila mita, na ya milimita 10 gramu 617. Mizani ya mpunga inatosha kuthibitisha.

(iv) Uangalifu ulipwe. Mapatano na fundi yataje kumwagilia zege kwa siku zisizopungua 7 kama kazi yenye ujira wake, na sehemu ya malipo ya kila hatua ibaki hadi masika yapite. Kwa upande wa Serikali, kumlipa mkandarasi kwa wakati si hisani. Ni sharti la kumdai ubora.

(v) Fundi apewe jina. Mamlaka ya VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi nje ya vyuo na kuwapa vyeti kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi. Halmashauri ziwape kipaumbele mafundi hao katika miradi ya fosi akaunti, na jina la fundi mkuu liandikwe katika bango la mradi pamoja na la mkandarasi. Mtu hufanya kwa uangalifu zaidi kazi ambayo jina lake litakaa juu yake.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba kushuka kwa ubora wa ujenzi katika Ifakara na Bonde la Kilombero si hadithi ya ujuzi uliopotea. Ni matokeo ya mpangilio unaolipa haraka, unaoadhibu subira, na unaopeleka mkaguzi mahali pa kazi wakati hakuna tena cha kukagua. Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" hutumika kumhimiza mtu atengeneze kasoro mapema. Kwa ujenzi wa bondeni, hata kungoja ufa ni kuchelewa: ufa unapoonekana, kilichousababisha kiko mita moja chini ya ardhi, kimefunikwa, na aliyekifunika amekwisha kulipwa.

Kila mwaka kati ya Machi na Mei, maji ya Udzungwa huteremka na kuikagua kila kazi iliyofanywa na binadamu katika uwanda huu. Ukaguzi huo haukosi kufanyika, na haukubali rushwa. Kilicho mikononi mwa jamii, halmashauri na mafundi ni kuutangulia, kwa kutazama kazi siku ile ambayo bado inaweza kurekebishwa kwa chepe na ndoo moja ya zege.